Dakika Tano za Mzee Shuka

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Uliye jikoni, punguza moto. Uliye kazini, nisikilize kwa sikio moja, la pili mwachie bosi. Mimi ni Bibi yenu wa kila Alhamisi alasiri, na hii ndiyo saa yetu ya kuwakumbuka waliotutangulia.

Leo tunamkumbuka fundi. Fundi wa redio na spika. Amefariki Jumanne iliyopita, akiwa na miaka sabini na minne. Jina lake la kwenye kitambulisho ni refu, na sijamsikia mtu akilitumia isipokuwa karani wa hospitali. Mtaani sote tulimwita Mzee Shuka. Kwa nini Shuka, nitawaambia.

Nianze na ukweli, maana yeye hakuwapenda watu wanaomumunya maneno. Mzee Shuka alikuwa shemeji yangu. Alimwoa mdogo wangu, yule anayenifuata. Kwa hiyo leo siyo mtangazaji tu anayezungumza. Ni mfiwa.

Kabla sijaingia humu, mkurugenzi wa kituo chetu alinisimamisha kwenye korido. Akaniambia, "Bibi, nakuomba. Jina la mdhamini wetu usiliguse." Nikamjibu, "Mwanangu, jina sitaligusa." Akashusha pumzi, akaenda zake. Jibu langu lilikuwa na nusu ya pili, lakini hakungoja kuisikia. Ataisikia pamoja na ninyi.

Na kioo hiki kilicho kati yangu na chumba cha mitambo, leo kimefunikwa shuka. Shuka jeupe lenye maua ya buluu, limefuliwa mpaka maua yamechoka. Nyuma yake yupo binti anayeendesha mitambo. Siku zote tunaongea kwa macho na vidole. Leo simwoni, na yeye hanioni. Hilo nalo litakuja.

Haya. Turudi nyuma.

Shemeji alizaliwa mtoto wa tatu wa mama mpiga pasi. Mama yule alikuwa akinyoosha nguo za watu, amesimama tangu asubuhi, na juu ya rafu mbele yake palikuwa na redio. Spika ya redio ile ilikuwa imechanika. Mtu akiimba, utadhani nyuki wako ndani ya kopo. Mtoto alikuwa na miaka tisa. Siku mama amekwenda kurudisha nguo, akaifungua. Akakata kipande cha karatasi ya mfuko wa unga, akakipaka gundi, akaziba ule mpasuko. Akafunga. Akakaa kimya kama hajui kitu.

Mama akarudi, akawasha redio, akashika pasi. Hakuna aliyemwambia lolote. Ghafla akaiweka pasi chini.

"Nani ameleta redio mpya?"

Hakuna aliyeleta. Wapendwa, lishikeni hilo. Mama hakuambiwa, na alisikia. Alikuwa ameinamia kola ya shati la mtu, na alisikia.

Kaka wa mama yake alikuwa fundi, akamchukua kibandani kwake. Mjomba yule alikuwa na kanuni moja, na shemeji aliirudia mpaka watoto wake wakawa wanaiimba kwa kumtania. Kanuni yenyewe ni hii: ukimaliza kazi, usimwambie mteja umefanya nini. Washa, unyamaze, umtazame usoni. Uso ukibadilika, chukua chako. Uso usipobadilika, hujatengeneza, rudi mezani.

Washa, unyamaze. Nasema tena: washa, unyamaze.

Koo limekauka, wapendwa. Nipeni dakika moja ya muziki, ninywe maji.

Haya, nimerudi. Sasa niwaambie kosa lake. Mtu mzima hakumbukwi kwa sifa tu, kama mtungi mpya. Shemeji alifanya kosa moja kubwa, na kosa hilo ndilo lililomtengeneza.

Alikuwa kijana, ameoa mwaka uleule, amefungua kibanda chake. Siku moja akaja muuzaji na sanduku la ngozi. Ndani ya sanduku, waya. Si waya huu wa kawaida wa kuunganisha redio na spika. Waya mnene kama kifundo cha mkono, umevishwa kitambaa kilichosokotwa, mweusi na wa zambarau, na juu yake umechorwa mshale. Muuzaji akasema waya ule ulikuwa umegandishwa kwenye baridi kali ili ndani yake utulie. Akasema umeme hupenda kufuata mshale. Ukigeuza mshale, muziki unakwenda kinyumenyume, unachoka njiani.

Shemeji alikuwa na baiskeli. Baiskeli nzuri, yenye kengele ya milio miwili. Muuzaji aliondoka ameipanda.

Usiku huo shemeji akaunganisha waya wake. Kesho yake alasiri akamwita mkewe, mdogo wangu. Akamkalisha kwenye kiti kizuri. Akaweka sahani ya santuri. Mdogo wangu amenisimulia mara nyingi, na mpaka leo hacheki mpaka afike mwisho.

"Mke wangu, sikia hiyo ngoma. Imejitenga na gitaa, unaisikia? Msikie huyu mpiga gitaa, anavuta pumzi!"

"Nasikia."

"Juzi ungeisikia hiyo pumzi?"

"Juzi nilikuwa nasikia hivihivi."

"Wewe huna sikio, mke wangu. Nakupenda, lakini sikio huna."

Akafumba macho. Machozi yakamtoka, mwanamume mzima. Mdogo wangu akamwacha alie kidogo. Kisha akamuuliza, "Waya wenyewe ni ule mnene? Wenye mshale?"

"Huohuo."

"Basi njoo uani mara moja."

Uani, wapendwa, ule waya wa thamani ya baiskeli ulikuwa umefungwa kutoka dirisha la jikoni mpaka nguzo ya choo. Juu yake limeanikwa shuka. Shuka jeupe lenye maua ya buluu, mojawapo ya zawadi za arusi, linadondosha maji.

"Asubuhi nilikuwa napangusa vumbi," mdogo wangu akamwambia. "Huu waya mgumu kama fimbo, unaisukuma redio inataka kuanguka. Nikaurudisha ule wa zamani. Huu nikaona ni kamba nzuri ya nguo. Tena ina kitambaa, haitii nguo kutu."

Shemeji akasimama pale. Maji ya shuka yanamdondokea miguuni, hasogei. Mwisho akauliza kwa sauti ndogo, "Na mshale?"

"Mshale unaelekea chooni."

Siku mbili alikwenda kibandani kwa miguu. Siku ya tatu akacheka, akacheka mpaka majirani wakaja. Akamwambia mdogo wangu, "Mama, mimi nilisikia kwa macho. Nilisikia kwa baiskeli yangu. Sikutaka iwe imekwenda bure, basi masikio yakanihurumia."

Wahenga walisema macho hayana pazia. Shemeji aliona wahenga wamelitaja tatizo wakaondoka. Yeye akayatundikia pazia. Aliufungua waya ule uani, akaufunga kibandani kwake kutoka ukuta hadi ukuta, na shuka lilelile juu yake. Na hapo likazaliwa jina la Mzee Shuka. Waya ule haukuwahi tena kupitisha muziki. Umeshika shuka miaka arobaini na minane. Shemeji alikuwa akisema, "Hii ndiyo kazi ya kwanza ya kweli waya huu kuwahi kufanya."

Utaratibu ulikuwa hivi. Ukija na kitu chako unachosema kinatengeneza sauti, shemeji hakubishani na wewe. Alikuvutia kiti mbele ya shuka. Nyuma ya shuka, redio na spika, na mtu mmoja wa kubadilisha. Huyo mtu anarusha sarafu. Ikija kichwa, kitu chako kinawekwa. Ikija upande wa pili, hakiwekwi. Unasikiliza, unasema: kipo, au hakipo. Mara kumi. Yule wa nyuma ni marufuku kusema, marufuku kukohoa, na ukifika wakati wa kutoka anatokea mlango wa nyuma, usije ukamsoma uso. Majibu yanaandikwa kwa chaki mlangoni, kila mpita njia ayaone.

Ah, mlango ule! Walikuja watu na stika za kubandika kwenye fyuzi. Akaja dereva mstaafu na kalamu ya kijani ya kupaka ukingo wa sidii. Akaja mwalimu na vigingi vya mbao vya kunyanyulia waya usiguse sakafu. Shemeji akamwuliza, "Mwalimu, waya ukigusa sakafu unaogopa nini?" Mwalimu akasema, "Mtetemo." Shemeji akasema, "Karibu kiti." Mwalimu akapatia mara tano katika kumi. Akataka kurudia. Akapatia mara nne. Akaweka vigingi vyake mfukoni, na baadaye tukaviona bustanini kwake, vimeshika nyanya.

Msidhani alikuwa mtu wa kupinga tu. Siku moja mwanamke mmoja alikuja na vipande vya ndala kuukuu. Akasema, "Mzee, nikiziweka hizi chini ya spika, ule muungurumo unakwisha." Watu wakacheka. Shemeji hakucheka. Akamvutia kiti. Mara kumi, mara kumi zote akapatia. Shemeji akaandika mlangoni kwa herufi kubwa: NDALA, KUMI KWA KUMI. Akavua ndala zake mwenyewe akazikata palepale. Akarudi nyumbani pekupeku, mdogo wangu akadhani ameibiwa.

Kwa hiyo hakuwa adui wa vitu. Alikuwa adui wa mtu anayekataa kukaa kwenye kiti.

Tuweke muziki kidogo, wapendwa. Sehemu inayofuata inanihusu mimi, na siyo tamu.

Haya. Miaka sita iliyopita lilifunguliwa duka. Jina silitaji, nimeahidi. Duka lina baridi nzuri, kiti cha ngozi kimoja tu katikati, na mwenyewe amevaa glavu nyeupe. Alikuwa akishika waya kwa glavu, kama anayeshika mtoto wa siku moja. Watu wakamwita Bwana Glavu. Alipoleta amplifaya nzuri, kile chombo cha kukuza sauti, sina neno. Lakini alikuwa pia na nyaya za dhahabu. Na alikuwa na Jiwe la Sauti. Jiwe jeusi, laini, kama la kusugulia kisigino. Unaliweka juu ya redio, linanyonya uchafu wa sauti.

Shemeji alikwenda dukani, akakaa kwenye kiti cha ngozi, akatazama kwa makini. Akaona kila Bwana Glavu anapoliweka jiwe, mkono wake wa pili unapita kwenye kitufe cha sauti, na dole gumba linakisogeza kidogo. Kidogo tu. Na sauti ikipanda kidogo, sikio halisemi imepanda. Sikio linasema imenoga.

Akarudi nyumbani akamwambia mdogo wangu, "Dhahabu iko kwenye dole gumba."

Akamwalika Bwana Glavu mbele ya shuka. Bwana Glavu akasema, "Mzee, kuna vitu havipimwi, vinahisiwa." Shemeji akajibu, "Basi njoo uvihisi. Shuka halikatazi kuhisi." Akasema atakuja. Hakuja. Akaalikwa tena. Badala ya kuja akaanza kuwaambia wateja, "Yule mzee sikio lake la kushoto limekufa. Kiziwi atawafundisha ninyi kusikia?"

Na ilikuwa kweli. Sikio la kushoto lilikuwa limezeeka. Watu wakamwonea shemeji huruma, na huruma ilimuuma kuliko tusi. Redio zikaacha kuja kibandani. Akasimama mlangoni pake, pembeni ya chaki zake, akatangaza kwa mtaa mzima: "Ndiyo, sikio langu limezeeka! Ndiyo maana siwaambii mliamini sikio langu. Liaminini shuka. Shuka likichakaa linafuliwa!"

Sasa mimi. Bwana Glavu akawa mdhamini wa kituo hiki. Tangazo la Jiwe la Sauti likahitaji sauti. Wakasema, Bibi anaaminika. Nikapewa karatasi, nikaisoma. Mnaikumbuka: "Wajukuu zangu, liweke juu ya redio yako, uusikie ukweli." Niliisoma mara tatu kwa siku, mwaka mzima. Jiwe lenyewe sikuwahi kuliweka popote.

Mtaani kwetu kuna mama mmoja, fundi cherehani. Alianza kuona redio yake inafifia. Akanunua jiwe. Redio ikazidi kufifia. Akanunua la pili. Miezi minane amepanga mawe juu ya redio kama anajenga msingi. Mwisho akaibeba kwa shemeji. Shemeji akaiwasha, akaona redio ni nzima. Akamvutia kiti mbele ya shuka. Akamwambia aseme tu: redio inalia, au hailii. Yule mama hakupatia hata hilo. Shemeji akafunga kibanda, akampeleka hospitali mwenyewe. Ugonjwa ulikuwa masikioni, yote mawili. Daktari akamwambia, "Mama, ungekuja mapema, sikio la kulia lingepona."

La kushoto lilipona, la kulia halikupona. Shemeji akamwuliza kwa upole, "Mama, nani alikwambia ununue jiwe?"

"Bibi wa redio."

Nasema tena, ili asije mtu akadhani hakusikia vizuri. Alisema: Bibi wa redio. Ni mimi.

Shemeji akaja hapa kituoni, na daftari lake kwapani. Nilikuwa nakunywa chai. Hakukaa.

"Shemeji, naomba dakika tano za kipindi chako. Nisome majibu ya shuka. Basi."

"Shemeji yangu, unataka nitoboe sufuria ninayopikia?"

"Yule mama fundi cherehani amepoteza sikio."

"Mimi sikumlazimisha mtu. Nilisoma karatasi."

Akanitazama. Akasema, "Sikuombi uniamini, shemeji. Njoo ukae kwenye kiti. Mara kumi tu. Ukipatia, nitakuja nikubebee hilo jiwe kichwani mtaa mzima."

Sikwenda. Nilimwambia nina kazi. Miaka mitatu, wapendwa, nyumba yake na yangu zinaangaliana, sikwenda. Niliogopa kiti. Tangazo niliacha kulisoma, nikasema koo linaniuma. Hata huo ujasiri nao niliusingizia ugonjwa.

Muziki, tafadhali, mwanangu.

Nashukuru. Sasa tufike Jumanne.

Shemeji aliugua kifua. Akalazwa siku kumi. Alikuwa anawatania wauguzi, anawaambia ile mashine ya pembeni mlio wake una kasoro, wampe bisibisi. Siku ya tisa akamwita binti yake, kitindamimba wake. Akamwambia, "Mwambie mama yako mkubwa, zile dakika zangu tano bado nazingoja." Asubuhi yake akatutoka.

Binti huyo ndiye aliye nyuma ya shuka hili. Ndiye anayeendesha mitambo ya kituo hiki mwaka wa kumi na mbili sasa. Jana baada ya mazishi alinifikishia ujumbe wa baba yake. Hakulia. Akaniuliza tu, "Mama mkubwa, Alhamisi?"

Nikamwambia, "Alhamisi."

Basi, shemeji, dakika zako hizi. Zimechelewa, lakini ni zako. Nasoma daftari lako.

Jiwe la Sauti. Wamekaa watu ishirini na sita. Kila mtu mara kumi. Jumla mara mia mbili na sitini. Wamepatia mara mia moja thelathini na mbili. Pembeni ameandika: "Sarafu bila masikio ingepatia mia moja thelathini."

Waya wa dhahabu, alioazimwa na mteja. Watu kumi na mmoja. Mara mia moja na kumi. Wamepatia hamsini na tatu. Pembeni: "Sarafu imewashinda."

Ndala chini ya spika. Watu tisa, mara tisini. Wamepatia tisini. Pembeni hakuandika neno. Amechora ndala.

Hayo ndiyo aliyotaka kuyasoma. Hakukuwa na tusi ndani yake. Na sasa nimalizie lile jibu langu la kwenye korido. Mwanangu mkurugenzi, nilikwambia jina sitaligusa. Nusu ya pili ilikuwa hii: jina sitaligusa, nitagusa waya.

Wapendwa, kipaza sauti changu kimetumia waya wa dhahabu miaka mitatu. Bwana Glavu alituletea zawadi, akaufunga kwa mkono wake, akasema mbele yetu sote: "Bibi, kuanzia leo sauti yako itatiririka kama maziwa. Huu waya ukiondolewa, hata mtu aliyelala ataamka aulize kuna nini."

Leo kipaza sauti changu kina nyaya mbili. Mmoja ni ule wa dhahabu. Wa pili ni wa shemeji, mweusi, wa kawaida, aliuunga mwenyewe na una fundo la utepe katikati. Zote zinapita chini ya mlango mpaka kwa binti. Kabla hatujaanza alirusha sarafu. Na kila nilipokunywa maji, kila mlipopigiwa muziki, alirusha tena. Mara nne kwa jumla, maana kipindi kimekuwa na sehemu nne. Kila mara sarafu ndiyo iliyochagua waya. Binti ameandika, ametia kwenye bahasha. Mimi sijui. Sijamwona uso. Ndiyo maana ya shuka.

Ninyi mmekuwa mmekaa kwenye kiti cha Mzee Shuka tangu alasiri ianze, na hamkujua.

Haya. Nani aliyelala akaamka? Namba ya simu mnayo. Nakaa kimya.

Inalia. Nani mwenzangu?

"Bibi, mimi ni yule dereva. Yule wa kalamu ya kijani."

"Nakukumbuka, baba. Umesikia nini?"

"Sehemu ya pili, pale kwenye baiskeli. Sauti yako ilikuwa laini, nzito, imejaa. Hapo ndipo penye dhahabu."

"Baba, hapo nilikuwa nimetoka kunywa maji."

"Ah." Amecheka. "Basi niandike mlangoni kama kawaida yangu."

"Utaandikwa. Asante kwa kujaribu. Wewe ulikaa kwenye kiti."

Naongeza kimya kidogo. Duka liko mtaa wa pili kutoka hapa, na najua redio zake zote zimewashwa.

Inalia. Karibu.

"Dada."

Ni mdogo wangu, wapendwa. Ni mjane wa marehemu.

"Nipo, mdogo wangu."

"Waya siujui. Nimekusikia wewe."

"Umenisikia?"

"Kila neno. Hata pale ulipojitaja. Angekuwepo angewasha, akanyamaza, akanitazama usoni."

"Na uso wako ukoje?"

"Njoo uutazame. Mlango uko wazi."

Nitakuja, mdogo wangu. Kipindi kikiisha, nakuja.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba yangu, na ya kituo kama bado kinanitaka, natoa pole kwa mjane, kwa watoto na wajukuu, na kwa mafundi wote waliopita mikononi mwake. Pole ya pekee kwa mama fundi cherehani. Mama, hii naisemea upande wa sikio lako la kushoto: nisamehe.

Tumemkumbuka fundi wa redio na spika, Mzee Shuka, aliyefariki Jumanne akiwa na miaka sabini na minne. Ninyi mliobaki, jiulizeni jambo moja jioni ya leo. Yale mnayoyasifu, mngeyasifu kama msingejua mmeyatolea baiskeli? Usimjibu mtu. Jijibu mwenyewe, umefumba macho.

Kesho saa nne asubuhi shuka hili linarudi kibandani, juu ya waya wake wenye mshale. Bahasha itabanwa juu yake kwa vibanio viwili vya nguo. Binti amekirekodi kipindi hiki kwenye mkanda, kama mlivyokisikia. Anayekaa atasikiliza sehemu zote nne, atasema dhahabu ipo wapi, ndipo bahasha ifunguliwe. Kiti kitakuwepo. Wa kwanza kukaa ni mimi, nimechelewa miaka mitatu, na nikikosa, chaki iandike nimekosa.

Wa pili ni wewe, mwenye duka. Wala usijisumbue kuvaa glavu. Njoo na masikio tu.